Haiagi

Betri iliumuka kama hamri,
ikainua kibodi, herufi za kati zikawa kilima.
Fundi Karama wa Sega akafungua parafujo kumi na moja,
akaitoa kwa vidole viwili, kama aokotaye panya,
akaizika katika ndoo ya mchanga.
"Mpya ni elfu sita, na si ya kweli.
Iache iishi kwa waya.
Ila ujue, stima ikienda nayo imekwenda.
Haiagi."

Tangu siku hiyo naandikia watu
barua, hati za kiapo, maombi ya kazi,
hapa chumba cha mbele, Kibokoni,
kwa mashine isiyo na pumzi ya akiba.
Nikiibeba ni nyepesi, yashtua,
kama mtoto aliyetoka kuugua.
Plagi nimeikaza kwa utepe mweusi
na kikaratasi: USIGUSE, HATA MARA MOJA.
Mpwa wangu Swabira huuruka waya kama kamba ya mchezo.
Mke wangu hawashi pasi kabla ya kuniuliza.
Nami mkono umejifunza:
nukta, hifadhi. Nukta, hifadhi.
Hata kitandani, nikimaliza kusema jambo,
kidole cha kushoto hujikunja chenyewe.

Jumanne moja ya Machi, ukuta wenyewe watoka jasho,
akaja Bi Zamzam wa Kuze, mikono yamtetemeka.
Ana dada yake Sohari.
Hawajasemezana miaka tisa
kwa ajili ya nyumba ya marehemu mama yao.
Akanipa anwani. Nikaiandika.
Akavua viatu, akaanza,
na hakusema kwa nukta.

"Mwambie mlango wa nyuma bado wakwama
mpaka uuinue kwa goti, vile alivyotufunza mama,
na kikombe chake cha buluu hakijavunjika,
kimepata ufa tu, nakiosha mwenyewe, simwachii mtu,
na siku ile ya matanga nilisema nisiyoyajua,
na chumba cha juu nimekipaka chokaa,
kitanda ni kile kile, na mimi, mwambie, mimi..."

Pangaboi likalegea.
Kioo kikawa cheusi,
nikajiona ndani yake, mdomo wazi.
Sikuwa nimehifadhi neno.
Mtu akisema vile, nani akumbuke kubonyeza?

Nje sauti ikauliza: "Ni tokeni zangu au ni mtaa mzima?"
"Mtaa mzima!"
Jenereta ya duka la dawa ikakohoa, ikashika.
Tukangoja dakika arubaini.
Bi Zamzam akazungusha pete yake. Akauliza betri ni pesa ngapi.
Akanyamaza.
Nikauona uso wake ukifungwa
kama duka saa ya adhuhuri,
ubao mmoja, ubao wa pili, kisha komeo.

Stima iliporudi, mashine ikaamka bila haya,
ikanitaka nenosiri kana kwamba hatujuani.
"Tulifika kwenye kikombe," nikasema, mjinga mimi.
"Andika: pesa ulizotuma zimefika. Shukrani. Wasalaam."
"Na ule mlango, Bi?"
"Mlango gani?"

Nikaandika. Nukta. Hifadhi.
Akalipa shilingi hamsini, akainama kutafuta viatu vyake
muda mrefu kuliko viatu viwili vinavyotaka.

Fundi Karama anasema amepata betri ya mtumba,
yashika chaji saa mbili, pengine na nusu.
Sijamjibu.
Mtaa ukizima usiku, mke wangu akitafuta kiberiti,
mimi nasikia goti likiinua mlango wa mbao.
Neno kwa neno, ninayo.
Haijapungua.

Na ile anwani ya Sohari,
niliyoiandika mwanzo kabisa, kabla hajavua viatu,
ile niliihifadhi.
Ipo.