Nane na Nane

Milioni moja na laki nne,
zimefungwa kwa mpira wa nywele.
Zilikuwa mvunguni, na kweli niliinama.

Semkiwa, fundi wa Barabara ya Nane,
akavitazama viatu vyangu vyenye vumbi la chokaa.
"Ya kuchapia barua, dada?"
"Ya gemu."
Bisibisi yake ikasimama hewani.

Kazi yangu ni mizani.
Kule Maweni, getini, malori yanapanda sahani ya chuma,
namba zinakimbia, zinatulia, naziandika.
Nimeona lori jipya, injini ikinguruma kama kiama,
limekaa kitako njiani, ekseli imekatika
kwa tani tatu za tamaa.
Basi usiniambie, Semkiwa, "beba kubwa tu, utanishukuru."
Kubwa ibebwe na nani?

Lakini alikwishaiweka juu ya kioo cha kaunta,
kadi ya picha yenye feni tatu,
imepambwa taa kama bibi harusi wa Chumbageni.
Laki tisa na nusu.
Nikahesabu kitakachobaki
kama mtu anayepakua wali wa mwisho na wageni wako mlangoni.
Kingetosha prosesa ya kuombewa dua.
Niliigusa. Sitasema uongo, niliigusa mara mbili.

Mama yangu hutunga mashairi.
Utotoni alinigongea mizani mezani kwa kijiko,
nane huku, nane huku,
na nikikosea, kijiko kilihamia kidoleni.
"Ukwapi ukinenepa, utao unakufa njaa."
Sikuwahi kumaliza hata ubeti mmoja.
Siku hiyo vidole vikaanza vyenyewe kugonga kioo.

Rudisha bibi harusi.
Nipe kadi ya mtumba, feni mbili, giga nane,
na prosesa ya kori sita itakayoweza kuilisha
bila mmoja kumngojea mwenzake.
RAM? Akaleta kijiti kimoja cha kumi na sita,
"nakupunguzia elfu ishirini."
Hapana. Nataka viwili. Nane na nane.
"Dada, kumi na sita si ni kumi na sita?"
Kamuulize mama.

Kwenye pawa saplai tuligombana.
Alikuwa na ya elfu arobaini, nyepesi kama kopo tupu.
Niliipima kwa kiganja,
na kiganja changu kimekula mshahara kwa kupima.
Mimi nakaa Mwanzange. Umeme wetu
hutoka bila kuaga, hurudi na hasira.
Nikalipia ile nzito, laki na nusu, roho inauma.

Ndiyo maana kasha likawa la elfu hamsini,
limebonyea, halina mlango wa ubavuni.
Mama akacheka mpaka akashika ukuta:
"Kasha gani hili, kila mpita njia anaona mali?"
Kisha akakata wavu wa kabati la vyombo,
akaufunga kwa uzi wa kushonea magunia.
Mende wasiingie, joto litoke.

Saa nne usiku likawaka.
Mama akavuta kigoda.

Gemu niliyoidundulizia miezi kumi na minne
ni ya malori.
Malori, ndiyo. Cheka.
Lakini humo ninaendesha mimi,
mbao nyuma, milima mbele,
theluji inaangukia kioo na picha haikwami hata mara moja,
na mama ananiuliza watu wa huko
huanikaje nguo.

Kilomita ya sitini nikaona kibao cha njano.
Nilikijua kabla sijakisoma.
Nikapunguza mwendo, nikapanda sahani ya chuma,
nikasubiri namba zitulie.
Mle kibandani, nyuma ya kioo,
taa iliwaka, kiti kilikuwepo.
Hapakuwa na mtu.