Fundi wa Piano, Wichita

Leo huyu ni wa tatu kupunguza mwendo.
Anashusha kioo, ubaridi wa kiyoyozi unanipiga usoni:
"Gari limekufia wapi, bwana? Nikuvute?"
Nikimwambia sina, macho yake yanakimbilia begi langu.
Mna ufunguo, uma wa sauti, kabari za mpira,
lakini yeye keshaona chupa,
keshaniona mahakamani nikinyang'anywa leseni.

Barabara ya Hazelrigg haikumkumbuka mwenye miguu.
Napita kwenye nyasi, penye vifuniko vya magurudumu,
glavu moja ya kushoto,
na kobe aliyesimama kunitazama
kama tuliyewahi kukosana.

Bi Hattendorf, ambaye do yake ya kati hushuka kila Novemba,
alinitangaza kanisani. Wakainamisha vichwa, wakaniombea.
Jumapili iliyofuata nikakabidhiwa Buick ya marehemu mumewe,
ya kijivu, imesuguliwa hata nikayaona meno yangu ubavuni mwake.
Nilishukuru. Hisani ile ningeisusaje?

Ipo uani. Paka wa jirani amezalia chini yake.

Sasa wananipungia mkono, wanapiga honi za furaha:
"Ah, leo umeamua kutembea!"
Naam. Leo nimeamua.
Jana pia.
Hakuna anisimamiaye tena,
nami kwa mara ya kwanza naisikia njia nzima:
nyaya za umeme zikishika noti ya si, chini kidogo,
na viatu vyangu, hatua kwa hatua,
vikijaribu kuipandisha.