Ukucha

Saa tisa usiku, Elgoibar. Rasharasha
haijaliacha bonde tangu Jumapili,
nami nimeinamia kalibu ya kijiko cha mtoto,
napitisha ukucha wa kidole gumba
pale ambapo jicho linasema: laini.

Ukucha unasema: hapana.

Kituta, kisha kituta, kisha kituta,
kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

Nilianza na washukiwa wa kila siku.
Kisu kwanza: nikakichomoa, nikakikagua kwa lenzi,
ncha ya mviringo, milimita nne,
kali bado kama ulimi wa shangazi Maixabel.
Nikapunguza mzunguko; mashine ikaguna.
Nikauongeza; ikapiga mluzi,
ule mwembamba unaoingia hadi kwenye jino bovu.
Nikaurudisha ulikokuwa.
Nikafuta kishikio, nikakuta ndani
uchengele mmoja wa chuma, mwembamba kuliko ukope,
nikapiga kelele peke yangu karakana nzima:
nimekukamata!
Nikafunga, nikapima yumbo: maikroni tatu.
Safi. Nikakata tena.

Hapana.

Basi nikaacha kupapasa. Nikazima redio ya Koldo,
nikaegemeza sikio kwenye mlango wa mashine.
Kwenye mnyoofu inavuma sauti moja,
lakini ikifika tumbo la kijiko, chuma kinapopinda,
tik, tik, tik,
inasita, inakwenda, inasita,
kama mtoto wa darasa la kwanza
anayesoma silabi asiunganishe neno.

Kumbe kosa halikuwa kwenye kisu wala mezani.
Lilikuwa ghorofani, kwenye njia yenyewe.

Unax akaja saa mbili na mwavuli na kahawa.
Yeye huchora njia; mafuta ya kupozea
hajawahi kuyanusa nguoni mwake.
"Kwenye skrini ni mviringo," alisema,
na kweli, kwenye skrini ulikuwa mviringo.
Sikubishana. Nilimshusha ngazi,
nikauweka ukucha wake juu ya chuma.

Akanyamaza.
Akauvuta tena, polepole.
"Vipande," akasema. "Nimeukatakata."

Ilikuwa tarakimu moja tu,
kiasi cha kukosea alichokiruhusu,
alikiacha kipana ili faili liwe jepesi
naye awahi treni ya saa kumi na moja.
Mpindo ukawa mistari mifupi mamia,
na mashine yetu kongwe, mtiifu kupita kiasi,
ikafunga breki kwenye kila kona.
Sikumsuta. Nami nimewahi kukimbilia treni hiyo.

Akarekebisha. Faili likanenepa mara saba.
Safari hii taa ndefu ya dari
ililala ndani ya kijiko bila kukatika.

Ikabaki alama moja: kisu kinapotua.
Tulijaribu kutua kwa mteremko, kwa upinde,
hadi njaa ikatushika. Haikutoka.
Tukaihamishia kwenye mpini, upande wa chini.

Mteja hakuiona. Ametia saini, ameondoka.
Mahali fulani mtoto atafumba mdomo
asihisi kitu chochote,
na mtu akiosha vyombo, mawazo yako mbali,
ukucha wake utakwama kidogo kwenye kipele,
atageuza kijiko, atatazama,
kisha atakiweka kikauke.