Mizani ya Chumba cha Barafu

Mugini alinilipa soda mbili nipige yowe.
Nikapiga. Majirani wa Mabatini wakashuka jiwe kwa jiwe
na mipini ya majembe, mmoja na mwiko wa ugali mkononi.
Tukawaeleza ni gemu, ni sauti tu ya gemu.
Mzee Lushinge akasema: basi siku mkichinjwa kweli
hatuji.

Ndivyo ilivyoanza. Miaka miwili kwenye kompyuta
aliyoinunua kwa fedha za mabondo,
feni yake ikikoroma kama mlevi,
akijenga kiwanda cha minofu, mwaka wa tisini na sita.
Picha kazichakaza makusudi, kazitia mikwaruzo
kama mikanda ya banda la video pale Igogo,
ile iliyokodishwa na kukodishwa
mpaka damu ikageuka rangi ya chungwa.

Unaamka ndani. Wewe ni Nyanjige, kibarua wa usiku.
Wenzako wametundikwa kwenye kulabu, katikati ya sangara,
na wamevuliwa majina:
kila beji imefichwa kinywani mwa samaki.
Mrudishie maiti jina lake, mlango mmoja unafunguka.
Fyuzi imo tumboni. Ufunguo umeganda kwenye bonge la barafu,
na moto pekee ulionao ni kibatari
kinachomwonyesha yeye ulipo.

Naye yupo. Koti jeupe, kisu cha minofu,
uso kaufunika ngozi ya sangara, magamba nje.
Humwoni kwanza. Unamsikia.
Ko, kwaruu.
Ko, kwaruu.
Buti moja linakanyaga, la pili linaburutwa.

Kabati la nguo lilidai tarakimu nne.
Dalili zipo: kwenye ratiba, nyuma ya kalenda, chini ya sinki.
Sikuzitafuta. Vidole viliandika sifuri, tatu, moja, tisa
kabla sijawaza.
Namba ya baba. Niliiona kwenye aproni yake
mama akiianika, mimi sijajua hata kusoma.

"Mugini," nikasema, "huyu muuaji anatembea kama baba."
Hakugeuka.
"Ndiyo maana hakimbii. Nimempa mguu wa baba
ili kila mtu aweze kumtoroka."

Daftari la geti lilisema baba aliingia saa moja usiku.
Halikusema alitoka.
Walituletea mshahara wa nusu mwezi
na boksi la mapanki.

Hatua ya mwisho ni mizani. Mlango wa chumba cha barafu
unataka kilo hamsini na mbili, si zaidi.
Nikapanga samaki, nikapangua.
Hamsini. Hamsini na nne. Arobaini na tisa na mkia.
Nusu saa nzima, ko, kwaruu, ikikata kona,
ndipo nikaujua ujanja wa kaka yangu,
nikatupa samaki wote chini
na kupanda mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Nje ziwa, alfajiri,
mtumbwi wenye injini umeshawashwa.
Bonyeza mbele tu, umeshinda.

Sikubonyeza. Nikageuka.

Akaja bila haraka, akapanda mizani niliyoshuka,
na mshale haukutikisika.
Sifuri.

Mugini akavua miwani, akasogea hadi pua ikagusa kioo.
"Hapa sikuandika kitu," akasema.
"Katika wote waliojaribu, hakuna aliyesimama."

Lakini yeye alisimama. Kisu kimelegea mkononi,
anapumua, na mwisho wa kila pumzi
kikohozi kidogo, kama mtu
aliyesahau neno alilotaka kusema.

Spika zilikuwa wazi.
Uani, ungo ukanyamaza; mama alikuwa anapepeta mchele.
"Nani huyo," akauliza, kwa sauti ya chini kabisa,
"anayepumua hivyo?"