Kicheko cha Pili

Kadutu, saa mbili usiku, mwaka ule wa mvua nyingi,
tulikuwa kumi na wanne mbele ya televizheni ya Bahizire,
antena imefungwa kwenye mbavu za mwavuli uliovunjika.

Wamarekani walikaa kwenye kochi, wote upande mmoja,
wametuelekea sisi kama waliopigwa picha.
Mgeni kwao aliingia bila hodi.
Jokofu lilijaa, wala hakuna aliyekula.
Kifaransa kilitoka, midomo ikafuata nyuma,
kisha umati usioonekana ukaangua kicheko.

Shangazi Nsimire akauliza:
"Hao wanaocheka wamekaa wapi?"
Bahizire akasema kicheko kilinaswa zamani,
hunyunyizwa tu, kama chumvi;
wengi wao huenda wameshazikwa.
Shangazi akakaza kitenge chake.
"Wafu wenye furaha," akasema, basi.

Chetu kilikuwa kicheko cha pili.
Tulimngoja Bahizire avue Kifaransa, avike Kiswahili,
na Amerika imeshahamia utani mwingine.
Tulicheka kwa mkopo.

Hadi usiku ule Ruzizi ilipotukatia umeme:
baba wa kwenye kochi ameshika keki,
mkewe hajageuka.

Giza. Mvua juu ya mabati.
Bahizire hakunyamaza.
Akampitisha yule baba jikoni, akamtelezesha kwenye tope
(tope, ndani ya nyumba ya Amerika!)
keki ikatua kichwani pa mama mkwe
aliyekuwa amefika sasa hivi, kwa miguu, kutoka Bagira.

Kutoka Bagira!

Hakuna mfu aliyetutangulia.
Shangazi ndiye aliyeanza.