Zamu

Nililijua gari kabla ya kuwajua wenyewe:
minivani ya kijani, mlango wa kushoto hautelezi tena,
matao ya magurudumu yameliwa na chumvi
inayomwagwa barabarani hapa Hancock, Michigan,
majira ya baridi kumi na tisa.

Delphine Kangas alilileta Jumanne.
"Linatetemeka kwenye taa nyekundu.
Kikombe cha kahawa kinacheza chenyewe."
Nikafungua boneti. Kanyaga breki, tia gia.
Injini ikanyanyuka
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini,
ikarudi: gub!
Raba zinazoishikilia zimekwisha. Ya mbele imepasuka,
imelia machozi meusi hadi kwenye fremu.

Hilo dogo, nikasema. Raba hupiga kelele ndipo zife.
Kimya ndicho kina mshindo.
Nikang'oa kifuniko, nikammulikia mkanda:
nyufa nyembamba, nyingi, kama mistari ya kiganja.
Maili laki moja na elfu tisini.
"Humo ndani, vali na pistoni wana chumba kimoja.
Pistoni akishuka, vali huingia.
Pistoni akipanda, vali awe ameshatoka.
Mkanda ndio unaopanga zamu.
Ukikatika watakutana,
mara moja tu, na huna injini."

Akacheka kidogo. Kisha akaacha.
"Wesley yuko kinu cha karatasi, usiku.
Mimi nahudumia wazee, mchana.
Tunapokezana hili hili, saa kumi na mbili asubuhi,
kwenye maegesho ya kituo cha mafuta.
Ufunguo nakuta una joto la mkono wake.
Kiti amekisukuma nyuma. Nakirudisha mbele.
Mwaka wa sita huu."

Nina spana za kila saizi. Jibu sikuwa nalo.
Nikamwambia siku tatu, vipuri vinatoka Green Bay.

Theluji ikaanguka siku zote tatu.
Ijumaa nikapiga simu; wakapokea wawili,
yeye jikoni, mume chumbani,
haloo juu ya haloo.

Wakaja kwa miguu.
Niliwasikia kabla sijawaona, toka kona ya posta,
wakibishana ni nani, mwaka ule,
aliyetaka rangi ya kijani.

Nikawasha. Kikombe kitupu juu ya dashibodi
hakikusogea hata unywele.
Nikazima, nikanyoosha ufunguo.
Ikaja mikono miwili.