Ukurasa wa Pili

Majibu yalikuja saa nane za usiku;
huko kwao jua lilikuwa halijatua.
Simu niliiweka chaji tangu magharibi,
nikaifunika leso mwanga usimwamshe Mukhwana.

Vyuo saba.
Cha kwanza kilisema kinasikitika.
Cha pili kinasikitika sana.
Cha tatu kiliandika jina langu vibaya:
Nasambi, mwaka huu waombaji walikuwa wengi na hodari,
nikacheka, nikadhani kuna Nasambi fulani
aliyekataliwa mahali. Maskini. Pole zake.
Cha nne hadi cha saba nilivisoma wima, mgongo ukutani,
nikirukia katikati ya kila barua
kutafuta lile “lakini” linalopita kichwa chini
kama mdeni mbele ya duka.

Asubuhi baba aliuliza:
“Wamekukataa kwa karatasi gani?”
Hakuna karatasi, baba. Ni kioo tu.
Akanyamaza.

Miaka kumi na tisa alisimama kando ya mtambo
pale kiwandani, Webuye,
akijua uzito wa karatasi kwa kidole gumba,
akiinua kipande juani kama mtu anayekagua yai.
Na harufu yenyewe ilikuwa ya yai viza.
Wageni walifunga madirisha ya basi.
Sisi tuliiita mshahara.
Barua ya kumwachisha kazi ilichapwa
kwenye karatasi aliyoitengeneza mwenyewe.
Aliitambua. “Ilikuwa nzuri,” husema hadi leo,
“gramu sabini, haina doa.”

Akaniambia kwamba karatasi iliyokatika mtamboni
haikutupwa. Ilirudishwa pipani,
ikapigwa maji, ikawa rojo, ikatoka tena
nyeupe, kana kwamba haikuwahi kukosea.
Nilijua anakotaka kufika.
“Baba, mimi si rojo,” nikasema,
nikaenda kulia nyuma ya choo
ambako hata kuku wana adabu ya kutouliza.

Ambalo sikumwambia ni hili:
kilichoniuma si saba.
Ni ile insha. Maneno mia sita na hamsini
ambayo kwayo niliwauzia msiba wake:
dohani isiyofuka,
buti zilizobaki mlangoni mwaka mzima,
mama akianza kukaanga njugu.
Niliupima, nikaupunguza, nikaupamba,
nikatia machozi mahali ambapo hayakuwapo.
(Baba hakulia. Alipanda sukumawiki.)
Halafu hawakununua.
Mali ikikataliwa hurudishwa kwa mwenyewe,
nami sikujua nimrudishie kwa uso gani.

Nakala zilibaki chini ya godoro,
nilizichapishia kwa Sitati, shilingi kumi kila ukurasa.
Mama hakuuliza.
Njugu zinataka karatasi.
Akazisokota pembe pembe, akazipanga kikapuni,
akaenda kuuza pale penye reli.

Jumanne, Lusweti fundi wa baiskeli
alinunua za shilingi ishirini, akaondoka akitafuna.
Saa kumi haijagonga, huyo amerudi,
grisi vidoleni, karatasi ameikunjua
ameishika kwa ncha, asiichafue.
“Mama Nasambu, njugu zako leo zilikuwa na maneno.
Huyu mzee wa buti...
ukurasa wa pili uko wapi?”

Mama akapekua kikapu. Haukuwapo.
Ulikuwa umeshakwenda na mtu wa Misikhu.

Nikamvutia Lusweti kreti, nikamwambia keti.
Nikaanza kumsimulia toka mwanzo,
na safari hii
sukumawiki nikaiweka.